Lubumbashi: Kabla ya kuomba hukumu mpya, tafuta kwanza kitabu cha komine

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia kwenye WhatsApp saa nane ya usiku. Kule Louisville, Kentucky, kwao ilikuwa bado jioni. "Yaya, wananidai acte de naissance ya mtoto. Wamenipa tarehe ya mwisho. Nifanyie haraka."

Mtoto mwenyewe alizaliwa mwaka 2009 hapa Lubumbashi. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo, baba akaenda Zambia, akakaa kambi ya Meheba miaka mingi, kisha akachukuliwa kwenda Marekani. Mtoto alibaki kwetu. Sasa baba ameomba mtoto amfuate, na faili yote imesimama juu ya karatasi moja ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka kuiona.

Mdogo wangu aliona ni kazi ya asubuhi moja. Namwelewa. Kule anakokaa, alipofunga ndoa alienda kwa karani wa county, kama vile kusema karani wa teritware yetu, na leo akitaka nakala ya ndoa hiyo anarudi kwa karani yuleyule. Hati za nyumba za Kentucky zinaandikwa pia kwa karani huyo huyo. Anataja jina na mwaka, analipa, anapewa. Lakini hata huko kuna mtego: nakala ya cheti cha kuzaliwa inaombwa kwa jimbo, kwenye ofisi yake ya Frankfort. Mwenye kwenda kwenye mlango usio wake, hata Marekani, anarudi mikono mitupu.

Kwetu milango ni ya namna nyingine. Mwandikaji wa watu, yaani ofisa wa état civil, ni bourgmestre ndani ya komine, na kule vijijini ni mkuu wa sekta au mkuu wa chefferie. Kuzaliwa, kuoa, kufa, vyote vinaandikwa kwake. Hakuna mashine moja ya inchi nzima ambapo unaandika jina na karatasi inatoka. Kumbuka kwamba Congo haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu cha muda. Uchunguzi mkubwa wa afya na familia wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba kwa watoto wanne wa chini ya miaka mitano, mmoja tu ndiye aliyekuwa ameandikishwa. Basi watu wengi wakiulizwa karatasi ya mtoto wanajibu palepale: hakuandikishwa. Nasi tulijibu hivyohivyo.

Nilianza kwa kufungua sanduku la nyumba. Nikakuta karatasi mbili na nikafurahi bure. Moja ilikuwa ya materinite, ile wanayokupa mama akitoka kujifungua. Maji yalikuwa yameingia ndani, tarehe haisomeki, ila muhuri unaonekana. Ya pili ilikuwa attestation de naissance ambayo shule ilitudai mtoto alipoingia darasa la kwanza. Majina yanafanana, na hapo ndipo familia nyingi zinapopotea. Karatasi ya materinite inasema tu kwamba mtoto alizaliwa pale. Attestation inasema kwamba mkuu fulani ameshuhudia maneno yenu. Acte de naissance ni kitu kingine: ni ukurasa wa kitabu cha serikali, wenye namba ya acte, namba ya kitabu na namba ya ukurasa, yaani volume na folio. Mtu akikupa acte isiyo na namba hizo, muulize vizuri kitabu kiko wapi.

Jirani yetu mmoja, mtu wa kuzunguka maofisini, alinipa dawa ya haraka. "Shefu, achana na vitabu. Twende tribunal, tutoe jugement supplétif, wiki mbili umemaliza." Hakusema uongo kwamba njia hiyo ipo. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa ili mtoto aandikishwe. Siku hizo zikipita, komine haiwezi tena kuandika hivihivi: ni jaji anayetoa hukumu ya kuziba pengo, kwa mtoto wa chini ya miaka 18 ni tribunal pour enfants, kisha komine inaandika acte kwa kufuata hukumu hiyo. Na balozi nyingi zinadai pia cheti cha tribunal kinachosema kwamba hakuna aliyekata rufaa.

Nilikuwa nimekwisha kutenga pesa. Aliyenizuia ni mzee mmoja tunayesali naye, aliyefanya kazi ya état civil miaka mingi kabla ya kupumzika.

"Mwanangu, ulitafuta kwanza?"

"Papa, mtoto hakuandikishwa."

"Nani amekuambia? Uliangalia kitabu?"

Sikuwa nimeangalia.

Alinieleza kitu ambacho jirani hakukisema, labda kwa sababu hakimpi kula. Hukumu ya kuziba pengo ni kwa mtu ambaye hana acte. Kama mtoto ana acte mahali fulani nawe ukamtolea nyingine, umemfanya azaliwe mara mbili. Hapa nyumbani hakuna atakayejua. Lakini faili ikifika kwa konsula, karatasi zinawekwa kando kwa kando, na zikipingana, hata kwa siku moja, mtoto anaonekana mwongo wakati hata kalamu hakuishika.

Basi tukaanza kutafuta. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kwenye komine tunakokaa leo. Karani alifungua vitabu vya 2009 bila ubishi, tukasoma ukurasa kwa ukurasa, hatukuona kitu. Mzee alicheka. "Uliuliza mahali unapolala wewe. Uliza mahali mama yake alipolala mwaka ule." Ule muhuri wa materinite ndio uliotuokoa: ulikuwa wa upande mwingine wa mji, karibu na kwa wazazi wa marehemu. Ni desturi yetu, binti akiwa na mimba ya kwanza anarudi kwa mama yake. Lubumbashi ina komine saba, na mtu mmoja anaweza kuzaliwa katika moja, akakulia katika nyingine, na kuolewa katika ya tatu.

Kwenye komine ile ya pili, siku ya kwanza niliambiwa mwenye ufunguo wa kabati hayuko. Siku ya pili nikaulizwa "pesa ya sukari". Sitataja ni wapi, maana ugonjwa huu si wa mlango mmoja. Nilijibu kwamba nitalipa kile kinachoandikwa kwenye risiti, na nikatoa barua niliyoandika kwa bourgmestre, yenye nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi. Barua hiyo ndiyo iliyobadilisha sauti ya chumba. Mtu anayesimama mlangoni na kuomba kwa mdomo anasahaulika akigeuka. Barua yenye muhuri wa kuingia inabaki mezani, na kuna mtu atakayelazimika kuijibu.

Siku ya tatu kabati likafunguliwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Vitabu hivyo havina orodha ya majina. Vinafuata siku mtu alipokuja kutangaza, si siku mtoto alipozaliwa. Sisi tulitafuta Mei, kwa kuwa mtoto tunamfanyia sikukuu tarehe 14 Mei. Mei hamna. Juni hamna. Karani, kijana mpole, alitaka kufunga. Nikamwambia siku 90 zinatufikisha Agosti, tuendelee. Mwanzoni mwa Agosti tukamwona. Aliyemtangaza hakuwa baba wala mama. Alikuwa babu yake wa upande wa mama, mzee aliyekwisha kufa, ambaye siku moja, bila kumwambia mtu, alichukua karatasi ya materinite na kwenda komine kumwandikisha mjukuu.

Na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitabu ni 11 Mei.

Nilimpigia mdogo wangu simu palepale. Kule Meheba, alipoulizwa watoto wake, alitaja tarehe gani? Akatafuta kwenye karatasi zake. Tarehe 11. Yeye alikuwa ameisoma karatasi ya materinite kabla ya maji kuingia. Tarehe 14 tuliyoizoea ilikuwa ya siku mama na mtoto walipofika nyumbani, na ndiyo tuliyoiambia shule. Kama ningemfuata jirani, mbele ya jaji ningeapa 14, na konsula wa Kinshasa angekuwa na faili ya baba inayosema 11 na hukumu ya Lubumbashi inayosema 14.

Kwa wenye kutafuta karatasi za watu wazima, kazi ni ngumu zaidi, na sababu ni historia yetu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1958 Likasi, kitabu chake kimeandikwa Jadotville. Wa Kalemie ameandikwa Albertville, wa Lubumbashi ameandikwa Elisabethville. Kisha mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo. Joseph wa kitabu akawa mtu mwingine kwenye kitambulisho, na baada ya 1990 wengine wakarudisha majina yao, wengine wakaacha. Mtafute baba yako kwa jina alilokuwa nalo mwaka ule, kwa herufi za mwaka ule: Mwamba anaweza kuwa Muamba. Hata jimbo limebadilika: Katanga ikaitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Barua inayopelekwa kwa jimbo ambalo halipo tena haina wa kuijibu.

Na kama kitabu kimeungua, kimeliwa na mchwa au kimeibwa wakati wa vita? Usilie kabla ya kufika tribunal. Sheria haikutaka acte ikae mahali pamoja tu. Nakala moja inapaswa kupelekwa kwenye greffe ya tribunal de grande instance. Sisemi kwamba kila komine imepeleka kila mwaka. Nasema kwamba ni mlango wa pili, na wengi hawaugongi.

Ndoa nayo iko kwenye vitabu hivyo hivyo, na hapo wanaoumia ni wajane. Watu wanatoa mahari, wanakula, wanacheza, wanaamini wamemaliza. Code de la famille ya mwaka 1987 inawapa waliooana kifamilia mwezi mmoja kwenda kuandikisha ndoa hiyo kwa ofisa wa état civil. Wasioenda hawaoni shida yoyote mpaka siku ya kilio, ndugu za marehemu wanapouliza: "Wewe ni nani wake? Onyesha karatasi."

Kiwanja si kazi ya komine, hata kama komine ilikupa fiche parcellaire au mzee wako alikuachia livret de logeur ya zamani. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa serikali, na haki ya kuutumia inaonyeshwa na certificat d'enregistrement, ambayo inaandikwa mara mbili: moja inabaki kwenye kitabu cha konservateri wa hati za viwanja, nyingine unapewa wewe. Kwa hiyo kabla ya kununua, usitosheke na karatasi ya muuzaji. Nenda kwa konservateri ukaulize kama ndugu yake pacha yuko kwenye kitabu, na kwa jina la nani. Fanya haraka ukiona kuna wizi: baada ya miaka miwili, certificat inakuwa ngumu sana kupindua.

Turudi kwa mtoto. Nakala kamili ya acte ilitoka baada ya siku nne, ikiwa na sahihi na muhuri, na nililipa kilichoandikwa kwenye risiti. Nimeituma Louisville kwa mtu anayesafiri, na picha yake kwa simu. Bado kuna kazi ya shule: bulletin zake zote zinasema 14. Mkuu wa shule amekubali kurekebisha kwa kufuata acte, lakini diploma ya mwisho wa masomo ya msingi haitoki kwake, hapo itabidi tuandike barua nyingine.

Namba ya acte, volume na folio nimeziandika kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati la nyumba, na mtoto mwenyewe nimemwambia azijue kwa kichwa. Juzi nilimkuta anazisema pole pole huku anaosha viatu, kama mtu anayejifunza namba ya simu. Akaniuliza kama babu yake ameandikwa pia kwenye kitabu, mahali fulani. Mzee yule alizaliwa Elisabethville kabla ya uhuru. Jumatatu tutaanza kumtafuta.