Deizi, Ua la Aprili: Maana Iliyojificha Katika Jina

Waingereza huupa kila mwezi ua lake. Aliyezaliwa Aprili, kwao kunapochipua baada ya baridi, hutunukiwa deizi: ua dogo jeupe, katikati manjano. Maana yake ni usafi wa moyo usiojua hila. Ishara za aina hii zilishamiri enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), vitabu vya lugha ya maua viliposomwa kwa shauku.

Linalotuvutia sisi wanalugha, hata hivyo, ni jina lenyewe. Katika Kiingereza cha Kale liliundwa kwa maneno mawili yenye maana ya "jicho la mchana", kwa kuwa ua hili hufumba petali zake jioni na kuzifumbua asubuhi. Waingereza wengi wa leo hawalioni tena jicho hilo.

Je, mfasiri afanyeje? Kishawishi cha kuandika "asumini" ni kikubwa, maana nayo ni nyeupe na washairi wetu wameizoea. Lakini asumini huchanua jioni na kunukia usiku. Tena pwani huashiria mahaba ya maarusi. Kukopa "deizi" pekee huhifadhi mmea na kupoteza jicho. Binafsi ningeandika "deizi, jicho la mchana", hata kama mizani ya shairi itazidi.