Huruma Haitoshi Ofisi ya Ustawi

Kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini anaweza kuanza astashahada ya awali ya ustawi wa jamii, ngazi ya 4 katika mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Akiendelea hadi ngazi ya 6 anapata stashahada. Chuo kinachojulikana zaidi Tanzania ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1973. (Wengi huichanganya fani hii na maendeleo ya jamii, inayofundishwa Tengeru na kwingineko. Ile huhamasisha kijiji kizima; hii hushughulika zaidi na mtu na familia yake.)

Wanaojiunga hujieleza kwamba wana moyo wa kusaidia. Vyema, ila moyo huohuo ndio huwaponza wakifika kwenye mafunzo kwa vitendo, fildi kama wenyewe wanavyoita. Mama anaingia ofisini na kulalamika kwamba baba watoto ameacha kutoa matunzo. Mwanafunzi anamwonea uchungu, anamtolea nauli, kisha anampigia mume simu na kumfokea. Hapo tayari amechukua upande, na baba akiitwa kwa suluhu haji.

Alitakiwa amsikilize mama bila kumkatiza, aulize watoto ni wangapi, wana umri gani, wanaishi na nani na sasa wanakula nini. Halafu aandike. Hapa ndipo penye kazi. "Baba ni mlevi" ni hukumu. "Mama anaeleza kuwa tangu Machi baba hajatoa fedha ya chakula, mwenyekiti wa mtaa anathibitisha" ni taarifa inayoweza kufanyiwa kazi. Tofauti hiyo hufika mbali: chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi aandae ripoti ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Jalada likiandikwa ovyo, anayeumia ni mtoto.

Jingine ni kujua mpaka wako. Mtoto aliyepigwa au kubakwa anahitaji hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, siku hiyohiyo. Kazi yako ni kumfikisha na kufuatilia, wala si kuyamaliza nyumbani na wazee. Usiri nao hausomeki darasani ukaisha, hasa mji mdogo ambako mteja wako wa asubuhi unakutana naye gengeni jioni.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujalipa ada uliza: wanafunzi wanapelekwa fildi wapi, kwa muda gani, na nani anasoma wanachoandika kwenye majalada? Ukiambiwa msimamizi hupita mara moja kusaini kitabu, tafuta chuo kingine.