Kaya ya Mandewa na Huduma Zake: Wapi Ulipe, Wapi Usilipe

Kata ya Mandewa iko ukingoni mwa Manispaa ya Singida, mahali ambapo mji na shamba bado vinaishi pamoja. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa imejengwa hapa, lakini kaya nyingi zinaendelea kutegemea alizeti, mtama, kuku wa kienyeji na vibarua. Pesa huingia kwa msimu, na mahitaji hayangoji msimu. Kwa kaya ya namna hiyo, kila huduma ina gharama tatu: kinacholipwa dirishani, nauli ya kuifuata, na kazi inayolala siku hiyo. Huduma ya bure inaweza kukugharimu siku mbili za palizi. Ya kulipia inaweza kukuokolea mwezi mzima.

Makala haya yanalinganisha huduma tano ambazo kaya ya Mandewa huzifuata serikalini au kwa taasisi za umma: matibabu, maji, mikopo, mafunzo ya ufundi, na michezo. Viwango vilivyowekwa kisheria au vilivyotangazwa vimeandikwa kama vilivyo. Penye bei inayobadilika, nimeweka mfano na kusema kuwa ni mfano, ili uweke bei ya mtaani kwako na kupiga hesabu upya.

Matibabu: kadi au kulipa papo kwa papo?

Tangu Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa uanze mwaka 2018, mchango wake mikoani umekuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Hiyo ni 2,500 kwa mwezi, au 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Kadi ya Toto Afya ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ilikuwa 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Mzazi mwenye watoto watatu angelipa 151,200 kwa kadi hizo, na yeye mwenyewe abaki bila bima. Tofauti ni kwamba NHIF ina mtandao mpana wa hospitali nchi nzima, wakati CHF inaanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa.

Anayelipa papo kwa papo afanye hesabu hii. Chukua mfano wa ziara moja inayogharimu 6,000 kwa kumwona mganga, kipimo na dawa. Ziara tano zinatimiza 30,000. Kaya ya watu sita inayokumbwa na malaria na mafua kila mvua zinaponyesha huzifikisha ziara tano kabla mwaka haujafika katikati.

Mandewa ina mtego wake. Kwa kuwa hospitali ya mkoa iko jirani, mtu huona hakuna haja ya kupita zahanati au kituo cha afya. CHF hufuata ngazi za rufaa, na anayeruka ngazi anaweza kujikuta analipa taslimu mkononi akiwa na kadi hai. Anza chini, pata barua ya rufaa, ndipo upande. Na ukiambiwa dawa haipo, ukanunue duka la nje, omba uandikiwe na utunze risiti. Malalamiko yenye karatasi hupata majibu haraka zaidi.

Kabla ya kulipia bima yoyote, jua nani kwenye kaya anastahili msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee anahitaji kutambuliwa na ofisi ya mtaa na ustawi wa jamii. Fuatilia utambulisho huo akiwa mzima, maana akishalazwa hakuna mwenye nafasi ya kuzunguka na makaratasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaleta vifurushi vipya, kwa hiyo muulize afisa mwandikishaji kiwango kinachotumika siku unayokwenda kulipa.

Maji: kioski, mkokoteni au bomba la nyumbani?

SUWASA ndiyo mamlaka ya maji ya Singida mjini, ikitegemea zaidi visima vya Mwankoko na Irao. Bei zake husimamiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Bili huhesabiwa kwa uniti: uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ukilijua hilo, kulinganisha ni rahisi.

Kaya ya watu sita inayotumia ndoo sita kwa siku itatumia ndoo 180 kwa mwezi, yaani uniti 3.6. Kwa mfano, ndoo ikiuzwa 50 kioskini, mwezi ni 9,000. Ndoo hiyohiyo ikiletwa na mkokoteni kwa 300, mwezi ni 54,000. Bomba la nyumbani likiwa na bei ya mfano ya 1,800 kwa uniti, mwezi ni 6,480.

Sasa weka gharama ya kuunganishwa, tuseme 250,000 pamoja na mabomba. Anayenunua kwa mkokoteni ataokoa 47,520 kila mwezi, na bomba litakuwa limerudisha pesa yake katika mwezi wa sita. Anayechota mwenyewe kwenye kioski ataokoa 2,520 tu, na itamchukua zaidi ya miaka minane kurudisha gharama. Kwa pesa peke yake, huyu wa pili hana haraka. Lakini kama binti wa shule ndiye anayekwenda kioskini mara tatu kwa siku, saa zake za kusoma nazo ni gharama, na mimi ningeziweka juu ya orodha.

Hatua ya kati ni majirani watatu au wanne walio kwenye mstari mmoja kuomba kuunganishwa kwa pamoja na kugawana gharama za kuchimba mtaro. Kila mmoja awe na dira yake. Dira moja ya watu wengi huzaa ugomvi mwezi wa pili. Ukiona bili haieleweki, andika malalamiko SUWASA kwanza, na usiporidhika peleka EWURA.

Mikopo: asilimia 10 ya halmashauri, VICOBA au mkopeshaji wa mjini?

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa zaidi kwa vikundi vilivyosajiliwa kupitia afisa maendeleo ya jamii, vyenye akaunti ya benki na andiko la mradi.

Upande wa pili wapo wakopeshaji wenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Halafu wapo wanaokopesha bila leseni, ambao watu wamewapa jina la kausha damu.

Linganisha mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12. Wa halmashauri unarudisha 1,000,000 ileile. Wa asilimia 3.5 kwa salio linalopungua, ukirejesha mtaji kwa mafungu sawa, unaongeza riba ya 227,500. Asilimia hiyohiyo ikipigwa juu ya mtaji wa mwanzo mwezi hadi mwezi, riba inafika 420,000. Kwa hiyo ukikaa mbele ya afisa mikopo usiishie kuuliza asilimia ngapi. Uliza: nitarudisha jumla shilingi ngapi? Jibu liandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Kwa kausha damu anayetoza, kwa mfano, asilimia 20 kwa mwezi, miezi mitano ya riba inalingana na mkopo wenyewe, na mtaji bado haujaguswa.

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, viko katikati. Riba yake unaweza kuiona kubwa, lakini hurudi kwa wanachama wenyewe wakati wa gawio. Udhaifu wake ni kiasi: hisa ndogo hutoa mkopo mdogo.

Mkopo wa halmashauri unakula muda. Maombi hupita kata, kamati na uhakiki. Mkulima wa alizeti anayetaka pesa ya mbegu Desemba asianze kuzunguka Novemba. Aanze Juni au Julai, mavuno yakiwa ndani na kikundi kikiwa na utulivu wa kuandika andiko. Kwa dharura ya wiki hii, mfuko wa jamii wa VICOBA ndio wa kukimbilia. Kwa mtaji wa mwaka, subiri usio na riba.

Ufundi: VETA, chuo cha wananchi au gereji?

Elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha sita. Serikali hutenga 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kijana asiyeendelea baada ya hapo bado ana njia za bei nafuu.

VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi yenye chuo mjini Singida, imekuwa ikitoza 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni katika kozi ndefu. Kwa kijana wa Mandewa tofauti ya 60,000 ni ya kupigia hesabu. Nauli ya mfano ya 1,000 kwa siku, kwa siku 200 za masomo, ni 200,000. Akiwa na baiskeli, kutwa ni nafuu. Akitegemea bodaboda kila siku, ada na nauli zinafika 260,000, na bweni linaweza kumgharimu chini ya nusu ya pesa hiyo, na chakula kikahesabiwa humohumo.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975, vina faida nyingine. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito hurudi kusoma sekondari na ufundi, na vyuo vina malezi ya watoto wa wanafunzi. Kwa mama kijana, huduma hiyo ya mtoto ina thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Kujifunza gerejini hakuna ada ya kudumu, ni mapatano na fundi. Kasoro ni kukosa cheti. Suluhisho lake ni urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa na VETA na kupewa cheti bila kuanza upya darasani. Fundi mwenye uzoefu asikimbilie kozi ya miaka miwili kabla hajaulizia njia hii.

Michezo na burudani: matumizi yasiyoandikwa

Kaya nyingi hazina mstari wa burudani kwenye bajeti, lakini pesa ya burudani inatoka kila wiki. Kijana anayekwenda kibanda umiza mara mbili kwa wiki kwa kiingilio cha mfano cha 500 anatumia 52,000 kwa mwaka. Vijana 20 wa mtaa mmoja wanatumia 1,040,000. Anayebeti kwa mkeka wa 1,000 kila siku anatoa 365,000 kwa mwaka, kiasi kinachozidi ada ya VETA ya bweni kwa miaka mitatu.

Vijana haohao 20 wakichanga 1,000 kila mwezi, kikundi kina 240,000 kwa mwaka. Kwa pesa hiyo mnapata mipira, nyavu na sanduku la huduma ya kwanza. Netiboli inahitaji uwanja mdogo kuliko wa soka, na mashindano ya wazee ya bao yanahitaji kivuli tu. Kutazama soka hakuna ubaya, na mkoa wenye Uwanja wa Liti na timu ya Ligi Kuu una haki ya kujivunia. Ninachokitetea ni kwamba kijana acheze pia, kwa sababu pesa ya kucheza ni karibu robo ya pesa ya kutazama.

Halmashauri ina afisa utamaduni na michezo. Kazi yake ni pamoja na kusaidia vilabu kusajiliwa na kuunganishwa na ligi. Klabu iliyosajiliwa huomba ufadhili ikiwa na jina, viongozi na katiba. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ni milango ya watoto kuonekana. Mzazi anapoombwa mchango wa jezi au usafiri, aulize kikao kilichoukubali na apate risiti.

Kitu ambacho hakinunuliki tena kikishapotea ni uwanja wenyewe. Mji unaposogea, kiwanja cha watoto ndicho huonekana kitupu machoni pa mwenye kutafuta eneo la kujenga. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inatambua maeneo ya wazi, lakini eneo lisilopimwa na kuwekewa mipaka ni rahisi kumegwa. Kuuliza ramani ya mtaa kwenye mkutano hakugharimu chochote. Kurudisha kiwanja kilichojengwa nyumba tatu hugharimu miaka mahakamani.

Mpangilio wa kulipa kwa mwaka

Kwa kaya inayovuna kati ya Mei na Julai, ningepanga hivi. Mavuno yakiingia, lipa kwanza matibabu ya mwaka, maana ndiyo gharama isiyotoa taarifa. Pili, weka akiba ya ada au nauli ya mafunzo. Tatu, kama unanunua maji ya mkokoteni, anza taratibu za bomba. Nne, sajili kikundi na peleka ombi la mkopo usio na riba. Tano, toa mchango wa klabu ya mtaa, hata kama ni 1,000 kwa mwezi.

Mpangaji wa nyumba akumbuke kodi ya jengo. Tangu Julai 2023 hukatwa 1,500 kwa mwezi kupitia umeme wa LUKU kwa nyumba ya kawaida, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kubaliana naye irudishwe au ipunguzwe kwenye pango, na muandikiane.

Malipo yoyote ya serikali yawe na kumbukumbu namba ya malipo na stakabadhi. Pesa ya mkononi isiyo na namba haina pa kudaiwa. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda na maswali mawili: mapato na matumizi ya mtaa yamesomwa lini, na uwanja wa michezo una mipaka gani kwenye ramani? Majibu yaingie kwenye muhtasari wa kikao, ili mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza kilichotekelezwa.