Kuinamisha macho si kukosa kujiamini

KIJANA aliyelelewa Kinango au Msambweni hufunzwa mapema namna ya kuwaheshimu waliomtangulia. Akikutana na mzee njiani hupunguza mwendo, huinamisha kichwa kidogo, hutoa shikamoo na kuyaepusha macho yake na uso wa anayemwamkia. Akiketi mbele ya wakubwa, hukusanya mikono na miguu. Kumkazia macho mtu wa rika la babake ni utovu wa adabu.

Siku moja kijana huyo hupanda matatu hadi Ukunda, kwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi katika hoteli mojawapo ya Diani. Huketi vile vile alivyofunzwa. Mhojaji, ambaye pengine alilelewa katika desturi nyingine, humtazama kwa dakika chache na kufikia uamuzi kwamba hajiamini.

Jambo hili si dogo katika Kaunti ya Kwale. Tangu kampuni ya Base Titanium ikome kuchimba madini Desemba 2024, mlango mmoja mkubwa wa ajira umefungwa, na hoteli za Diani zimezidi kuwa tegemeo la wanaosaka kazi. Anayeshindwa kwa sababu ya mkao wake, ilhali kazi yenyewe aijua, amedhulumiwa bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu.

Kwamba mwili husema kabla ya kinywa, Kiswahili chenyewe ni shahidi. Mwenye majonzi hushika tama, mwenye hofu hujikunyata, mwenye majivuno hujipiga kifua na shujaa husimama kidete. Swali ambalo limewashughulisha wanasaikolojia ni la upande wa pili: je, mtu akiupanga mwili wake kama wa shujaa, moyo nao utaufuata?

Mwaka wa 2010 watafiti watatu wa Marekani, Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, walijibu kwamba ndivyo. Waliwapima watu 42 na kueleza kuwa kukaa kwa dakika mbili katika mikao ya kujitanua kulibadilisha hata homoni mwilini. Hotuba aliyoitoa Cuddy mwaka wa 2012 ilienea duniani kote kupitia intaneti, na walimu wengi wa masuala ya ajira wakaifanya somo.

Hata hivyo, watafiti wengine waliporudia jaribio hilo kwa watu 200, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015, hawakuyaona mabadiliko hayo ya homoni. Walichokiona ni kwamba waliojitanua walisema wanajihisi wenye nguvu zaidi. Mwaka uliofuata Carney mwenyewe alitangaza kuwa haamini tena matokeo ya kwanza. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba dakika mbili za kutunisha kifua zitakugeuza mtu mwingine, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini haifai kuhitimisha kwamba mkao haufanyi lolote. Mwaka wa 2009, Pablo Briñol, Richard Petty na Benjamin Wagner walichapisha utafiti ambapo wanafunzi waliombwa kuandika sifa zao njema au kasoro zao, wengine wakiwa wameketi wima na wengine wamejikunja. Walioketi wima waliyaamini zaidi waliyoyaandika, yawe mema au mabaya. Maana yake ni kwamba mkao wa wima hauleti fikra njema, bali huipa uzito fikra ambayo tayari imo kichwani. Aliyeingia chumbani akiwaza kwamba hafai, mgongo ulionyooka hautamwokoa. Maandalizi hutangulia.

Utafiti wa nne ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka wa 2013 Lora Park na wenzake waliwalinganisha Wamarekani na watu wenye asili ya Asia Mashariki. Kuketi wima na kutandaza mikono mezani kuliwaongezea wote hisia ya nguvu. Kupandisha miguu juu ya meza kuliwafaa Wamarekani pekee. Wale wengine hawakupata nguvu yoyote, kwa kuwa mkao huo ulipingana na malezi yao ya unyenyekevu.

Ijapokuwa utafiti huo haukufanyiwa pwani yetu, funzo lake laeleweka vyema hapa. Mkao humtia mtu moyo pale unapopatana na malezi yake. Kijana wa Kwale hana haja ya kuiga vishindo vya watu wengine ili aonekane jasiri. Akijilazimisha kumkodolea mhojaji macho, huenda akatumia nguvu zake zote kupambana na haya badala ya kuyajibu maswali.

Afanyeje basi? Kuketi wima, nyayo zikiwa sakafuni na mikono mapajani, si ufidhuli hata mbele ya mzee. Kusalimu kwa heshima na kujibu kwa sauti inayosikika ni adabu njema Kinango na Nairobi pia. Anapoanza jibu amtazame mhojaji usoni, kisha macho yapumzike kidogo, kama afanyavyo mtu anayetafakari. Mazoezi yafanyike nyumbani, mbele ya mjomba au shangazi atakayeuliza maswali bila kumwonea huruma.

Wahojaji nao wana wajibu wao. Msichana asiyempa mwanamume mkono na kuteremsha macho yake huenda anafuata mafunzo ya dini, si kwamba ana hofu. Njia ya haki ni kumwomba aonyeshe kazi yenyewe: aandae meza, aeleze angemtulizaje mgeni aliyekasirika. Hapo ustadi utajitokeza wenyewe.

Kuna kuinama kwa adabu na kuna kujikunja kwa hofu. Kijana anayeijua tofauti ya mambo hayo mawili ndani ya nafsi yake ataweza kuinua mgongo wake bila kuuacha ubinadamu aliofunzwa nyumbani. Wazee walikwisha kusema kwamba heshima si utumwa, na mwenye kazi ya kutoa angefanya vyema kulikumbuka neno hilo kabla ya kuandika uamuzi wake.