Sura ya Tisa: Mfumo Mpya, Kompyuta Nzito

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni; kwa Intel, kwa jumla ni kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zimeachwa nje, na wenyewe wengi wameamua kuzipiga Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux. Hapo ndipo mafundi wanapoletewa lalamiko moja: mfumo umekubali, lakini kompyuta imekuwa nzito. Ukiburuta dirisha linasuasua, ukiandika herufi zinachelewa kutokea.

Wengi hukimbilia kufuta na kupiga upya. Kazi hiyo hula saa nzima, kisha tatizo linarudi kwa sababu chanzo hakikuguswa. Uzito wa kompyuta hutoka sehemu nne: kadi ya picha, RAM, diski na prosesa. Kila sehemu ina dalili zake, na dalili hizo husomeka kwa dakika chache.

Kwanza, ipe nafasi. Mfumo mpya hupakua masasisho na kupitia mafaili yako ili uweze kuyatafuta baadaye. Iache ikiwa imewashwa na imeunganishwa kwenye intaneti kwa saa moja au mbili, izime, iwashe tena, ndipo uihukumu.

Kadi ya picha

Skrini ya Ubuntu huchorwa na GNOME, na GNOME hutegemea kadi ya picha. Draiva ya kadi isipofanya kazi, mfumo hauzimi. Huikabidhi prosesa kazi ya kuchora, na prosesa haikuundwa kwa kazi hiyo. Fungua Settings, ingia About (katika matoleo mapya iko ndani ya System, kisha bonyeza System Details), usome mstari wa Graphics. Ukikuta `llvmpipe` au Software Rendering badala ya jina la Intel, AMD au NVIDIA, umempata mchawi.

Draiva za Intel na AMD huja na mfumo wenyewe. Kwa NVIDIA, fungua Additional Drivers na uchague ile iliyopendekezwa. Ikiwa Secure Boot imewashwa, utaombwa kuunda nywila. Kompyuta ikiwaka tena, itatokea skrini ya bluu: chagua Enroll MOK, kisha uandike nywila ile. Wengi huipita skrini hiyo bila kuisoma. Draiva inabaki imesakinishwa lakini mfumo unaikataa.

Kama wakati wa kusakinisha ulichagua safe graphics, kagua pia faili `/etc/default/grub`. Ukikuta neno `nomodeset`, liondoe, endesha `sudo update-grub`, kisha uwashe upya.

RAM

Kwenye terminali andika `free -h`. Usiogopeshwe na safu ya free ikiwa na namba ndogo, kwani Linux huitumia RAM iliyo wazi kuhifadhi data iliyokwisha kusomwa. Safu ya kuangalia ni available. Ikikaribia sifuri huku matumizi ya Swap yakipanda, RAM imejaa na mfumo unahamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno. Kompyuta ya GB 4 hufika hapo haraka ukifungua kurasa kadhaa za kivinjari. Ongeza RAM hadi GB 8, au tumia Xubuntu au Lubuntu, ndugu wa Ubuntu wenye skrini nyepesi.

Diski

Endesha `top`, utazame namba iliyo kabla ya `wa` katika mistari ya juu. Hiyo ni sehemu ya muda ambao prosesa imekaa bure ikiisubiri diski. Ikibaki juu wakati kazi ni ndogo, tatizo ni diski. Diski ya sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa chake huchukua takriban milisekunde 10 kuifikia data iliyotawanyika. Hivyo hutimiza maombi ya aina hiyo kama 100 tu kwa sekunde, wakati SSD hutimiza makumi ya maelfu. Kwa kompyuta ya zamani yenye diski ya sahani, mara nyingi hakuna matengenezo yanayoleta nafuu kubwa kuliko kuiwekea SSD.

Pima pia afya ya diski. Sakinisha `smartmontools`, kisha endesha `sudo smartctl -A /dev/sda`, ukiweka jina la diski yako kama ni tofauti. Namba ya safu ya RAW_VALUE katika mstari wa Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, kuna sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma. Nakili kazi zako mahali pengine siku hiyo hiyo, kabla ya jambo jingine lolote.

Prosesa

`top` hiyo hiyo itakuonyesha programu inayokula prosesa: ifunge, uisasishe au uiondoe. Kama hakuna inayokula sana na kasi bado iko chini, fungua kasha uangalie feni. Vumbi likiziba njia ya hewa, joto hupanda na prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati, kisha upime tena. Ukibadili vitatu pamoja hutajua kilichoponya ni kipi. Na usikubali kuuziwa kompyuta mpya, wala kufutiwa mfumo, kabla ya kuonyeshwa namba inayothibitisha ubovu uko wapi.