Mkutubi naye atengewe saa ya kusoma

Tunapozungumzia maktaba humu nchini, mara nyingi mazungumzo huishia kwenye majengo na idadi ya vitabu. Yakiendelea zaidi, hutajwa tarakilishi zilizonunuliwa na jina la mgeni wa heshima aliyezizindua. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza iwapo mkutubi aketiye nyuma ya meza ametengewa wakati wa kujifunza kuzitumia.

Swali hilo si la kupuuzwa. Siku hizi mwanafunzi amalizaye kidato cha nne huchagua kozi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS. Mkopo wa HELB huombwa mtandaoni. Anayesomea sheria huzipata hukumu za mahakama zetu bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Vyuo vikuu navyo, kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, hulipia majarida ya kitaalamu ya kielektroniki, na mwanafunzi asiyeonyeshwa mlango wa kuyafikia huishia kuokota chochote kinachoelea mtandaoni. Wa kumwonyesha mlango huo ni mkutubi. Lakini mkutubi aliyehitimu miaka 25 iliyopita hakufundishwa hata moja kati ya hayo, kwa sababu wakati huo hayakuwapo.

Dawa tuliyoizoea ni warsha. Afisa mmoja hutumwa Naivasha kwa siku tatu, hupewa mkoba, kalamu na cheti, kisha hurejea na kuandika ripoti ambayo hutiwa kwenye faili. Wenzake waliobaki wakihudumia wasomaji hawaoni hata kivuli cha alichojifunza. Walimu wasomao safu hii hawahitaji kuelezwa zaidi. Nao semina za aina hiyo wamezihudhuria.

Ipo njia nyingine, nayo ilijaribiwa katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mwaka 2006. Maktaba ya umma ya huko ilikuwa na wafanyakazi wengi waliotawanyika katika matawi mbalimbali, na huduma mpya za intaneti zilikuwa zikichipuka kila uchao. Helene Blowers, aliyesimamia masuala ya teknolojia katika maktaba hiyo, alikuwa amesoma makala ya mkutubi wa Kanada, Stephen Abram, iliyoorodhesha mambo 43 ambayo mkutubi angeweza kuyajaribu katika mwaka huo. Blowers alitunga orodha yake ya mambo 23 na kuyapanga katika majuma 9. Hapakuwa na darasa wala mtihani. Maelezo yaliwekwa kwenye blogu, na kila mfanyakazi akasoma kwa wakati wake na kwa kasi yake.

Baadhi ya mambo hayo 23 yalikuwa mepesi kabisa: kutazama picha zilizowekwa mtandaoni na watu wengine, kusikiliza kipindi kilichorekodiwa, kuorodhesha vitabu unavyomiliki, kuhariri ukurasa ambao kila mtu anaweza kuuhariri. Juma zima lilitengwa kwa ajili ya kucheza tu. Funzo la mwanzoni lilihusu tabia saba na nusu za mtu asiyeacha kujifunza, na ile nusu ilikuwa ni mchezo. Waliotimiza yote walituzwa kifaa kidogo cha kusikilizia muziki. Najua wapo wakubwa wa ofisi watakaokunja uso wakisikia kwamba watu wazima walilipwa mshahara na huku wakihimizwa kucheza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, uti wa mgongo wa mpango ule ulikuwa kwingine. Kila mshiriki alitakiwa kufungua blogu yake mwenyewe na kuandika humo alichojaribu na palipomshinda, naye aliruhusiwa kuficha jina lake. Mzito wa ruhusa hiyo utaujua ukiwa umewahi kufanya kazi katika ofisi zetu. Mkuu wa idara aliyebakiza miaka michache astaafu hathubutu kumwuliza kijana wa mafunzo ya nyanjani jinsi ya kupakia picha. Heri ajifanye ana shughuli nyingi. Mbele ya mwalimu na darasa zima, aibu hiyo humfunga kinywa. Akiwa na jina la kupanga, anaweza kukosea mara kumi na hakuna atakayemcheka.

Kwa kuwa mpango wenyewe ulitolewa kwa ruhusa ya kunakiliwa, maktaba za nchi nyingine ziliuiga. Maktaba za Yarra Plenty jijini Melbourne, Australia, zilikuwa miongoni mwa za kwanza. Kufikia mwaka 2010, wakutubi wa Oxford na Cambridge huko Uingereza walikuwa na orodha zao.

Mpinzani atasema kwamba vyombo vingi vilivyofundishwa vimekwisha kufa, nami sina la kumkatalia. Delicious, iliyotumika kuhifadhi anwani za tovuti, iliacha kupokea anwani mpya mwaka 2017. Bloglines, iliyowakusanyia watu habari kutoka tovuti mbalimbali, haikumbukwi tena. Ila aliyewahi kukifungua chombo asichokijua, akakibonyezabonyeza hadi kikamtii, haogopi kingine kikija. Woga huo ndio unaozigharimu maktaba zetu.

Chukua suala la akili bandia. Mwanafunzi humwomba ChatGPT orodha ya vitabu kuhusu mada fulani, akapewa vitabu vinane vyenye majina ya kuvutia na waandishi wanaojulikana, kisha akaja nayo maktabani. Huenda vitatu kati yake havijapata kuandikwa na mtu yeyote. Mkutubi aliyewahi kuichezea programu hiyo kwa jioni moja tu atashuku upesi na kumfundisha mwanafunzi kuhakikisha. Asiyeijua atapoteza asubuhi nzima rafuni akitafuta kitabu kisichokuwapo, na mwanafunzi atadhani maktaba yetu ni duni.

Hapa kwetu yapo matatizo ambayo sitayaficha. Umeme hukatika, bando ni ghali, na katika shule nyingi za upili maktaba huachiwa mwalimu mwenye vipindi vyake tele na rundo la madaftari ya kusahihisha. Lililo baya zaidi ni kwamba maneno “kwa kasi yako mwenyewe” yakitamkwa na mwajiri mjanja huwa na maana ya usiku, nyumbani, kwa bando la mfanyakazi. Mafunzo ya namna hiyo afadhali yasianzishwe.

Katiba ya 2010 iliyaweka mambo ya maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo ni halali kumwuliza gavana, kama vile ilivyo halali kumwuliza mkuu wa shule au wa chuo, ni saa ngapi kwa juma mkutubi wake ametengewa kujifunza. Ninachopendekeza ni saa moja, iandikwe kwenye ratiba ya kazi kama zamu nyingine yoyote na itumie intaneti ya maktaba. Wala hatuhitaji mambo 23. Mambo kumi yanayomgusa msomaji wetu yatatosha kuanzia: kutafuta hukumu moja ya mahakama, kulifikia jarida moja lililolipiwa, kujaza fomu ya KUCCPS ya majaribio pamoja na mwanafunzi, kuifanyia akili bandia mtihani juu ya kitabu unachokijua vyema, na mengine ya jinsi hiyo. Kila mmoja aandike aya mbili za alichokiona, kwa jina lake au la kupanga, mahali ambapo wenzake wa matawi mengine wataweza kuzisoma.

Katika saa hiyo, karani au mwanafunzi wa nyanjani atashika zamu kwenye meza ya kuazimia vitabu. Mahali ambapo mkutubi ni mmoja pekee, meza na ifungwe kwa saa hiyo na tangazo libandikwe mlangoni, likieleza bila kuomba radhi kwamba mkutubi yumo ndani anasoma.