Busha, Ngiri na Mshipa: Maneno ya Uvimbe wa Korodani

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa maandishi ya afya ni yale yahusuyo uvimbe wa korodani. Si kwamba lugha yetu imepungukiwa. Maneno yapo, ila hutumiwa kiholela. Tena mfasiri huona haya, akaandika "maradhi ya sehemu za siri" akidhani amemaliza kazi, na msomaji akafikiri kisonono.

Tuanze na busha. Hili ni jina la maji yanayojikusanya katika utando unaoizunguka korodani. Uvimbe wake hukua polepole, kwa kawaida hauumi, na ukimulikwa kwa tochi gizani mwanga hupenya. Huku pwani husemwa kuwa huletwa na madafu. Dafu halina kosa. Chanzo chake kikubwa katika mwambao wetu ni minyoo ya matende, ienezwayo na mbu, na busha kubwa huondolewa kwa upasuaji. Ngiri ni jambo jingine: utumbo hupenya penye udhaifu wa misuli ya kinena, ukashuka. Mara nyingi hurudi ndani mgonjwa alalapo. Ukikataa kurudi, ukauma, na mgonjwa akatapika, huyo ni wa kukimbizwa hospitali, maana utumbo uliobanwa hufa.

Neno mshipa ndilo lituhangaishalo zaidi. Watu husema "ana mshipa" kwa busha na kwa ngiri pia, ilhali neno hilo hilo ni njia ya damu, na wengine hulitumia hata kwa neva. Kwa maoni yetu maana ya ugonjwa ibaki katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi neno hili liachiwe damu.

Ipo hali isiyo na jina lililozoeleka, nayo ndiyo isiyongoja: korodani kujisokota juu ya kamba yake hata damu isiifikie. Huwapata hasa wavulana wanaobalehe. Maumivu huja ghafla, pengine pamoja na kutapika, na kijana mwenye haya husema anaumwa tumbo. Akipasuliwa ndani ya saa 6 hivi, korodani huokolewa mara nyingi. Baada ya saa 24 ni nadra. Tunapendekeza msokoto wa korodani. Mfasiri atakayeandika "busha" hapo atamfanya mzazi angoje hadi kesho.

Uvimbe wenye homa na mkojo unaochoma ni wa maambukizo, nao wahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Lipo pia neno uvimbe lenyewe, ambalo hubeba kuvimba kwa jumla na kitu kigumu kilichoota mahali pamoja. Hicho cha pili tungependa kiitwe donge. Donge gumu ndani ya korodani, hata lisipouma, laweza kuwa saratani, ambayo huwapata zaidi vijana; na kwa kuwa haliumi, mwenye nalo hukaa nalo miezi asiende kwa daktari.